Pierogi ruskie kwa mahitaji ya sokoni Dar: jibini chachu naipataje, na kwa nini zinafunguka kwenye maji?

JikoMsasani (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu. Niko jikoni kwenye nyumba ya wageni, Msasani. Tuna mgeni wa muda mrefu, mzee wa Kipolandi, ambaye ameomba pierogi ruskie kama alizokula utotoni. Alivyonieleza: unga mwembamba uliokunjwa nusu mwezi na kuchemshwa, ndani viazi vilivyopondwa pamoja na jibini nyeupe yenye uchachu, kitunguu kilichokaangwa, na pilipili manga ambayo lazima uisikie. Hakuna nyama, hakuna sukari.

Nimepika mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia jibini ya mozarela ya dukani. Ikavutika kama ulimbo na ladha ikawa chapwa. Mara ya pili niligandisha maziwa kwa ndimu. Mzee akasema nimekaribia, ila uchachu wenyewe haupo. Halafu mara zote mbili karibu theluthi ya pierogi zilifunguka kwenye sufuria, nikabaki na supu ya viazi.

Naomba msaada kwenye mambo matatu: jibini, unga, na kuzifunga zisiachie. Tuna jiko la gesi, friji, friza ndogo, kibao na mti wa kusukumia chapati. Mashine ya kusukuma unga hatuna.

UngaNaMti

Mkuu, mashine huihitaji. Kibao na mti wa chapati vinatosha kabisa.

Kwa unga nusu kilo (ngano nyeupe ya kawaida, isiwe ile iliyochanganywa tayari na baking powder) weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 2 vya mezani vya mafuta ya alizeti, na maji ya moto ml 250. Maji yachemke, uyaepue, uyaache dakika 5, ndipo umimine. Koroga kwa mwiko kwanza, ukiweza kuvumilia joto ukande kwa mkono dakika 7 au 8 mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio.

Usiyapuuze hayo maji ya moto. Yanaivisha sehemu ya wanga, kwa hiyo donge linabeba maji mengi bila kunata, na linasukumika bila kurudi nyuma. Ukikanda kwa maji baridi unapata raba: unasukuma, linajikunja, unanyunyiza unga, unasukuma tena. Mwisho wake ukingo unakuwa mkavu na umejaa unga, na ukingo wa namna hiyo haushikani hata ukiubana kwa koleo. Nahisi nusu ya tatizo lako liko hapo.

Hewa ya Dar ina unyevu na unga uliokaa kwenye mfuko wazi unaufyonza. Anza na ml 230, zile 20 ziongeze kidogo kidogo kama donge linapasuka. Likishakandika, lifunike kwa bakuli au sufuria iliyopashwa moto kidogo, dakika 30. Na zima feni. Feni ikilipiga donge kwa dakika 10 linaota ngozi, na hiyo ngozi ndiyo inayopasuka kwenye maji.

Gawa mara nne. Sukuma robo moja, nyingine ziendelee kufunikwa. Unene milimita 2. Ukiweka kiganja chini ya unga uliosukumwa uone kivuli cha vidole, lakini usione mistari ya kiganja. Kata kwa glasi yenye mdomo wa sentimita 7 au 8. Nusu kilo ya unga inakupa duara 55 hadi 60 ukisukuma na mabaki.

Kuhusu kufunga: kama umezoea sambusa, huenda unapaka uji wa ngano ukingoni. Kwenye mafuta ule uji unakauka na kuwa gundi. Kwenye maji unayeyuka na mdomo unaachia. Pierogi hazipakwi kitu. Ukingo ukiwa umekauka, lowesha ncha ya kidole kwa maji matupu, pitisha nusu ya duara tu, bana. Anza kubana katikati juu, shuka kushoto, kisha kulia, ukiisukuma hewa itoke. Hewa ikibaki ndani inatanuka kwa joto na kutafuta pa kutokea.

Yai usiweke. Linafanya ukoko ushike, ni kweli, lakini pierogi zikipoa unakuwa mgumu.

MaziwaLala

Nichukue upande wa jibini maana hapo ndipo ladha anayoitafuta mzee ilipo.

Jibini yenyewe inaitwa twaróg, hutamkwa *tfaruk*. Ni maziwa yaliyoganda kwa kuchacha yenyewe, yakapashwa taratibu, yakachujwa. Kwa hiyo sisi tayari tuna nusu ya kazi: ule mtindi wetu ndio hatua ya kwanza. Ndimu haikufaa kwa sababu inagandisha papo hapo maziwa yakiwa ya moto, na sehemu kubwa ya uchachu wake inaondoka na maji unapochuja. Vimelea vya mtindi (bakteria wanaochachisha maziwa) havijapata nafasi ya kufanya kazi, na ladha na harufu ya twaróg ni kazi yao.

Chukua lita 4 za maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta. Yapashe hadi mapovu madogo yazunguke pembeni na mvuke uanze, zima kabla hayajafurika. Usiyaache yatokote muda mrefu kama ya chai. Mgando wake unakuwa mlegevu na hauachii maji. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji nayo yana tabia hiyohiyo, yaache. Yakipoa hadi uvuguvugu (tone juu ya kifundo cha mkono usilisikie baridi wala moto) koroga ndani ml 200 za mtindi. Mtindi uwe na maziwa na kimelea tu. Soma pakiti: wenye sukari, wanga au jelatini hautengani hata ukiupasha mchana kutwa.

Funika kwa kitambaa, acha mezani. Kwa joto la Dar saa 10 hadi 12 zinatosha. Januari na Februari anza kutazama saa ya 8. Usilikoroge sufuria. Chomeka kisu, ukiinamishe kidogo: mgando upasuke kwa ufa safi na kwenye ufa yaonekane maji ya njano yenye ukijani. Ukiona mgando umeinuka na una matundu ya gesi kama sifongo, au una harufu ya uozo, au una doa la rangi ya waridi, mwaga. Usijaribu kuokoa.

Sasa kata mgando kwa kisu hukohuko sufuriani, vipande vya sentimita 3, mistari ya kwenda na ya kukatiza. Iweke sufuria hiyo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, moto mdogo kabisa. Unataka mgando ufike nyuzi 45, usizidi 50, ukae hapo nusu saa. Bila kipimajoto: chovya kidole kwenye yale maji ya njano, uweze kuhesabu mpaka 5 bila kukitoa kwa maumivu. Usikoroge. Kila dakika 10 sukuma mgando kutoka ukingoni kwenda katikati kwa upande wa mwiko, pole pole, mara mbili tatu. Vipande vitaanza kusinyaa na kuzama, maji yatakuwa angavu.

Moto ukizidi, vipande vinakuwa punje ngumu zinazolialia kwenye meno, na ndani ya pierogi mlaji anahisi mchanga. Moto ukipungua, jibini inabaki na maji mengi na inakuwa chachu kupita kiasi. Makosa yote mawili hayarekebishiki baadaye.

Tandika kitambaa cha pamba kilichochemshwa (marikani inafaa sana) juu ya chujio, mimina, funga pembe nne, ning'iniza. Hapa Dar usining'inize jikoni kwa saa 3, inaendelea kuchacha. Ning'iniza ndani ya friji, kwenye waya wa rafu ya juu, bakuli chini. Baada ya saa 3 weka fundo hilo kati ya sahani mbili na uzito wa kilo moja hadi mbili juu, saa 2 nyingine. Kwa lita 4 utapata gramu 550 hadi 750 kutegemea utajiri wa maziwa.

Kipimo cha mwisho: finyanga konzi moja. Ikae kwenye umbo la ngumi, ikiguswa imeguke, na kati ya vidole kusitoke tone. Tone likitoka, rudisha uzito.

Huko Poland huiuza kwa aina tatu: yenye mafuta, ya nusu mafuta na isiyo na mafuta. Kwa pierogi wengi hupenda ya nusu au yenye mafuta. Isiyo na mafuta hukauka mdomoni.

bi_Kisutu

Mwanangu, wamekueleza vizuri, lakini umesahau kuuliza viazi na kitunguu, na hivyo ndivyo vinavyokutia maji.

Kiazi kiwe cha unga. Sokoni vinachanganywa vya Mbeya, vya Njombe, vya Lushoto, na muuzaji atakwambia vyote vizuri. Jipimie mwenyewe: kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, koroga iyeyuke, tumbukiza kiazi kibichi. Kiazi cha unga ni kizito, kinazama. Chenye mnato kinaelea. Chukua vilivyozama, maji ya chumvi yatunze uyatumie tena.

Gramu 600 za viazi vilivyomenywa. Vichemshe kwa chumvi kidogo, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika 2 bila mfuniko, ukiitikisa. Utasikia sauti ikibadilika, kutoka kuloa hadi kukwaruza, na viazi vitaota unga mweupe pembeni. Hapo maji yametoka. Ponda vikiwa vya moto kwa mwiko au kipondeo. Blenda hapana kabisa: inapasua wanga wote na unapata gundi. Kisha tandaza kwenye sinia vipoe *kabisa*. Kiazi cha moto kikikutana na jibini kinaitoa maji, na mvuke wake unalowesha unga kutokea ndani.

Kitunguu: vikubwa 2, vikatwe vidogo sana, vikaangwe moto mdogo kwa siagi dakika 15 hadi viwe rangi ya asali. Visifike rangi ya kitunguu cha pilau, vitatawala chakula chote. Vichuje siagi iliyozidi uiweke kando kwa kumwagia juu.

Changanya viazi gramu 600, jibini gramu 300 iliyosagwa kwa uma, vitunguu, pilipili manga kijiko kimoja cha chai iliyotwangwa sasa hivi, si ya pakiti iliyokaa. Chumvi weka mwisho kabisa, unapokaribia kujaza, kwa sababu chumvi inavuta maji kutoka kwenye jibini. Mchanganyiko uonje ukiwa na chumvi kidogo zaidi ya unavyotaka, kwani unga wa nje hauna ladha na utaipunguza.

Viringisha vidonge vya ukubwa wa limau dogo la achari *kabla* ya kuanza kukata unga. Gramu 15 kila kimoja. Ukishika unga huku vidonge viko tayari, mkono unabaki mkavu na ukingo haupati mafuta. Mafuta ukingoni ni adui kuliko unga mkavu.

TengeruHadiPosta

Shikamoo Bi Kisutu. Nakubaliana na yote ila kipimo cha jibini. Mbili kwa moja ni cha nyumba nyingi, lakini wapo wanaoweka nusu kwa nusu, na wapo wanaopunguza jibini iwe kama kikolezo tu. Mtu akisema "kama za utotoni" anazungumzia kipimo cha nyumba moja. Kwa hiyo, mtoa mada, kabla ya kupika mara ya tatu muulize mzee: ndani ilikuwa nyeupe ya maziwa au njano ya kiazi? Kitunguu kilionekana au kiliyeyuka? Alikula nyumbani au kwenye *bar mleczny*? Hizo ni kantini za bei nafuu, ya kwanza ilifunguliwa Warsaw mwaka 1896, na zilienea sana enzi za ujamaa wa kwao. Ya kantini kwa kawaida inatarajiwa kuwa na kiazi kingi na unga mnene kidogo; huwezi kumridhisha mtu wa kantini kwa pierogi laini kama hariri.

Jina pia liwekwe sawa, maana naona watu hudhani ni chakula cha Urusi. *Ruskie* inatokana na Ruś, hasa Ruś Nyekundu, eneo la kihistoria ambalo leo liko kusini-mashariki mwa Poland na magharibi mwa Ukraine, upande wa Lviv. Baada ya uvamizi mkubwa wa Urusi nchini Ukraine mwaka 2022 mikahawa kadhaa ya Poland iliamua kuziandika "pierogi za Kiukraine". Ukimwandikia mzee kwenye menyu "pierogi za Kirusi" unaweza kumuudhi bila kukusudia. Na kwa sarufi yao *pierogi* tayari ni wingi. Moja ni *pieróg*.

Chakula hiki si kigeni kabisa kwenye ardhi yetu. Kuanzia 1942 Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu kutoka mashariki ya nchi yao kwenda Muungano wa Kisovieti, wakapitia Iran, waliletwa Tanganyika. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Makaburi yao Tengeru yapo na yanatunzwa hadi leo. Mashariki hiyo waliyotolewa ndiko liliko eneo lenyewe la *ruskie*.

Pia hakikisha hachanganyi na *leniwe*. Hizo ni twaróg, yai na unga vikikandwa pamoja, vikakatwa vipande na kuchemshwa bila kujazwa kitu, zinaliwa na siagi, chenga za mkate na sukari. Watoto wa Poland wanazikumbuka sana. Lakini kwa kuwa amesema hakuna sukari na kuna pilipili, ni *ruskie* bila shaka.

JikoMsasani (mtoa mada)

Asanteni sana, shikamoo Bi Kisutu. Nimemuuliza. Ndani ilikuwa njano ya kiazi yenye madoa meupe, kitunguu kilionekana. Alikula nyumbani. Na juu walimwagia vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Hilo la mwisho linanisumbua kwa sababu jikoni tunahudumia Waislamu pia. Na kuchemsha: maji kiasi gani, dakika ngapi?

UngaNaMti

Sufuria pana, maji lita 4, chumvi kijiko kimoja cha mezani kilichojaa. Yachemke kwa nguvu. Tumbukiza pierogi 12 tu kwa mkupuo, moja moja. Mara zinapoingia, pitisha mgongo wa mwiko chini ya sufuria taratibu ili zisigande kwenye kitako; mkupuo mzima unaweza kuharibika katika nusu dakika ya kwanza hiyo. Zikielea juu, punguza moto maji yawe yanatikisika tu, si kuruka. Hesabu dakika 2 hadi 3 tangu zielee. Vya ndani vimeshaiva, unasubiri unga tu.

Toa kwa kijiko cha matundu, acha zidondoshe maji, weka kwenye sinia lililopakwa siagi, zisilaliane. Ukizirundika zinaungana na kuchanika ukitenganisha. Usizisuuze kwa maji baridi. Maji ya sufuria yakishakuwa mazito kama uji mwepesi, baada ya mikupuo mitatu hivi, yamwage uanze mapya.

bi_Kisutu

Hilo la mafuta ya kitimoto huko kwao huitwa *skwarki*. Mwanangu, kama jiko lenu ni la pamoja, lisiingie humo. Fanya kitunguu cha siagi kwa wingi zaidi na chumvi, Wapolandi wengi nao hula hivyohivyo. Samli ya kienyeji usitumie, harufu yake inafunika jibini.

Kama mna jiko la pembeni lenye kikaango, kisu na sahani zake zisizochanganywa, basi: mafuta yaliyogandishwa kidogo yakatwe mchemraba wa nusu sentimita, yawekwe kwenye kikaango *baridi*, moto mdogo, dakika 12 hadi 15. Yakianzia kikaango cha moto yanaungua nje kabla ya kuyeyuka ndani. Yaondoe yakiwa rangi ya dhahabu. Yanaendelea kukolea nje ya moto.

Na kando weka mtindi uliochujwa saa moja kwenye kitambaa, ukaungwa chumvi chembe. Ndio utakaokaribia ile krimu chachu yao.

JikoMsasani (mtoa mada)

Nimerudi na matokeo, naomba mnisaidie kusoma makosa.

Maziwa lita 4, mgando ulikaa saa 11, jibini imetoka gramu 640. Mzee ameionja peke yake kwa kijiko akanyamaza, kisha akaomba nyingine na chumvi. Kwa hiyo jibini tumeipata, MaziwaLala ubarikiwe.

Nimepata pierogi 52. Mikupuo mitatu ya kwanza haikufunguka hata moja. Wa nne na wa mwisho zimefunguka 6, na siyo ukingoni. Zimepasuka *chini*, kwenye tumbo. Maji nilibadilisha kabla ya wa nne. Jingine, mzee anasema ukingo ni mnene, anautafuna. Zilizobaki 10 nimeziweka friji, sijui nizipashe vipi.

MaziwaLala

Za mwisho zilikaa muda gani kwenye sinia kabla ya kuingia majini? Na zilikaa juu ya nini?

JikoMsasani (mtoa mada)

Nilijaza zote kwanza, ndipo nikaanza kuchemsha. Nadhani dakika 50 hivi. Sinia la bati, nilinyunyiza unga kidogo.

MaziwaLala

Basi umeshajibiwa. Chumvi ya ndani ilikuwa inavuta maji muda wote huo, yanashuka chini kwa uzito, na bati halipumui. Tumbo la pieróg lililolala kwenye bati linalowa pande zote mbili. Ukiinyanyua linabaki kidogo kwenye sinia, na pale palipopungua ndipo panapopasuka. Geuza moja iliyokaa nusu saa utaona duara la kijivu linalong'aa chini.

Tandika kitambaa kikavu cha pamba juu ya sinia, nyunyiza unga juu ya kitambaa, laza pierogi hapo, zifunike kwa kitambaa kingine. Na usisubiri zote. Sufuria iwe inachemka wakati unajaza: zikifika 12, zinaingia. Kama uko peke yako, gawa mchanganyiko mara mbili na nusu ya pili uitie chumvi baadaye.

UngaNaMti

Ukingo mnene: pale mikunjo miwili inapokutana una milimita 4 badala ya 2, na mbaya zaidi ukipamba kwa kukunja msuko. Ukishabana, rudia mara ya pili kwa kidole gumba na cha shahada, ukiuponda ukingo mpaka urudi unene wa unga mmoja. Utatanuka kidogo kwa nje, ni sawa. Usibane kwa meno ya uma. Yanatoboa unga mwembamba, na unga wa maji moto ni laini zaidi.

Zile 10 za friji ndizo bora, usizichemshe tena. Kikaango, siagi kijiko kimoja na mafuta kijiko kimoja, moto wa wastani, dakika 3 kila upande bila kuzigusa. Zitakuwa na ganda la dhahabu. Wapolandi wana neno lake kabisa, *odsmażane*, na kwa wengi pierogi ya kesho yake asubuhi iliyokaangwa ndiyo inayokumbukwa kuliko ya jana. Muandalie mzee hivyo bila kumuuliza.

JikoMsasani (mtoa mada)

Nitafanya kesho asubuhi. La mwisho wakuu: anataka ziwepo kila wiki. Friza yetu inafanya kazi lakini umeme ukikatika kwa saa nne tano mambo yanaharibika. Nigandishe mbichi au zilizoiva?

TengeruHadiPosta

Poland wengi hugandisha hata mbichi. Kwa umeme wa kukatikakatika mimi nasema zilizoiva nusu. Mbichi ikiyeyuka friza ikizimika, unga unalowa, zinaungana donge moja, na umeme ukirudi zinaganda hivyohivyo. Iliyopitishwa kwenye maji ina ukoko ulioshikana tayari.

Chemsha mpaka zielee, toa hapo hapo bila kungoja zile dakika 2. Paka mafuta kidogo sana, zipoe kabisa kwenye sinia zikiwa hazigusani. Ingiza sinia friza saa 2 hadi 3 mpaka zigonge kama kokoto, ndipo uzitie kwenye mfuko, 12 kwa mfuko, ukitoa hewa. Andika tarehe. Zitumie ndani ya miezi 2. Baada ya hapo jibini inaanza kuwa na punje.

Siku ya kula zitoke friza moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, usiziyeyushe mezani, na uweke 8 tu badala ya 12 maana zinapoza maji. Dakika 3 tangu zielee. Umeme ukikatika usifungue friza, na weka chupa za maji yaliyoganda pembeni ya mifuko. Ukikuta zimelainika lakini bado ni baridi kama za friji, zipike siku hiyohiyo, usizigandishe tena. Zikiwa na uvuguvugu, tupa: kuna maziwa na kiazi ndani, na joto la hapa halina huruma.

bi_Kisutu

Na jibini iliyobaki, mwanangu, umetumia gramu 300 kati ya 640. Isikae zaidi ya siku 4 kwenye friji. Isage kwa uma na mtindi kidogo, kitunguu kibichi cha majani na chumvi, umpe na mkate asubuhi. Hiyo nayo ataitambua.

JikoMsasani (mtoa mada)

Nimezikaanga asubuhi hii, 5 kwake na 5 kwa jikoni. Ameuliza kwa nini sikumpa hizi tangu jana. Mkupuo ujao ni Alhamisi, viazi nitavipima kwa maji ya chumvi, na marikani nimeshanunua mita 2.